Manyoya ya Ziwani na Karo ya Nasimiyu

Jumatatu, 5 Novemba 1951

Nasimiyu amepata nafasi chuo cha ualimu! Barua imeletwa nikiwa kazini, jikoni, kwenye nyumba wanamolala madereva wa treni. Nikawasomea madereva wote. Nikawasomea tena, polepole. Maharagwe yakaungua. Wameyala wakinung'unika, lakini kila mmoja amenipa mkono. Binti wa Koplo Nicodemus Khisa, mpishi wa Keya, jeshi la Mfalme, awe mwalimu! Nani angedhani, kule Burma, nilipokuwa nikimenya viazi chini ya mvua ya risasi? (Risasi zilikuwa mbali kidogo.)

Jioni mke wangu Chepkemboi akauliza habari ya karo. Hapo furaha ikapunguza mwendo. Chuo kinafunguliwa Januari, na akiba yetu iliyoko Posta inatosha nusu tu ya mwaka wa kwanza. Tumeiweka miaka mingi kupitia chama chetu cha masomo ya watoto wa askari. Na mwenyekiti wa chama ni nani? Darweshi! Sajini Darweshi, jirani yangu hapa Bondeni, yule yule aliyenilaza mahabusu Burma kwa ajili ya kuku mmoja ambaye hakuwa hata mnono. Kijana wake Alamin naye amepata chuo cha ufundi. Darweshi husema pesa ya mtoto ni kama mimba, haiguswi mpaka itimie. Kila mwisho wa mwezi hutupeleka Posta kwa mstari, kushoto, kulia, wazee wazima.

Chepkemboi anasema nusu nyingine tutaipata kidogo kidogo, Mungu akipenda. Nimelala nikijiuliza: pesa ikishaingia Posta, hufanya nini mchana kutwa?

Jumatano, 7 Novemba

Nimefanya uchunguzi. Mwezi uliopita niliweka Posta noti niliyoitia nukta ya wino kwenye sikio la Mfalme. Leo nimekwenda dirishani nikaomba kuiona. Si kuitoa. Kuiona tu, kama mtu anavyokwenda kumwona mgonjwa.

Karani, Mgoa mmoja mwenye miwani, akaniuliza kama nina homa. Nikamweleza habari ya nukta. Akasema noti hiyo haipo. Haipo! Akasema imetoka, inafanya kazi, na mwisho wa mwaka nitapata faida, shilingi mbili na nusu kwa kila mia. Nikauliza inafanya kazi wapi. Hakujua. Inalala wapi? Hakujua. Nyapara wake ni nani? Akaniomba niwapishe wengine.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Shilingi mia nzima zinakwenda kibarua mwaka mzima, na mshahara wao wote ni mbili na nusu! Hata makuli wa stesheni wangegoma. Kama ni lazima pesa yangu ifanye kazi, basi na ifanye kazi mbele ya macho yangu.

Jumapili, 11 Novemba

Leo kulikuwa na mkutano wa chama. Sikwenda. Darweshi atasema yale yale. Nimekwenda ziwani badala yake, kwa sababu tangu juzi kuna swali linaniwasha: manyoya ya heroe, wale ndege wa waridi wa ziwani, yakidondoka, huenda wapi?

Jibu: hayaendi popote. Yako pale pale ufukoni, meupe na ya waridi, mafungu kwa mafungu. Hakuna anayeyaokota! Nimesimama katika matope ya magadi nikaikumbuka mesi ya maofisa. Kila ofisa alikuwa na mto wa manyoya kutoka kwao Ulaya. Mto wa mmoja wao uliangukia mtoni, akausikitikia kuliko lori lililozama nao. Sasa Nakuru hii, Subukia, Mau Narok, wazungu wote hawa wanalalia nini? Na ndege wasiohesabika wanamwaga mali mlangoni petu, bure!

Nimejaza magunia matatu. Yananuka kidogo. Kitu kipya hakikosi harufu.

Jumanne, 13 Novemba

Nimejaza fomu ya kutoa akiba yote. Karani Mgoa akaniuliza kama Sajini anajua. Nikamwuliza kama Sajini ndiye aliyemzaa Nasimiyu. Akagonga muhuri. Kumbe pesa nyingi hivyo haitolewi papo hapo. Fomu hupelekwa Nairobi kwa treni, na idhini hurudi baada ya wiki mbili hivi. Wiki mbili! Kwa mwendo huo Mjapani angekuwa ameshafika Naivasha.

Biashara haiwezi kungoja. Ephantus, fundi cherehani wa barazani, amekubali kunikopesha kitambaa cha marekani na kunishonea foronya, nimlipe mwisho wa mwezi. Alitaka kujua ni za nini. Nikamwambia ni siri ya kijeshi. Akasema siri ya kijeshi ina bei yake, akaongeza.

Chepkemboi sijamwambia. Nataka kumshangaza.

Jumapili, 18 Novemba

Nimemshangaza.

Nilianza baada ya ibada, Chepkemboi alipokwenda kumtazama mgonjwa. Harufu ya magunia ilikuwa imezidi, basi nikatumia akili ya mpishi: kinachonuka huchemshwa. Nikayachemsha manyoya kwenye sufuria kubwa, na mchaichai juu yake. Mtaa mzima ukanuka supu ya kuku aliyekufa zamani. Paka wakaja kutoka pande zote. Nikayaanika juu ya bati. Yakakauka vizuri ajabu, laini, mepesi.

Mepesi mno. Saa nane upepo ukavuma kutoka ziwani.

Sijapata kuiona Bondeni ikipendeza namna ile. Manyoya kwenye paa, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye uji wa watu. Chepkemboi alirudi, akapiga chafya, akaketi kizingitini. Nasimiyu akaniuliza kwa adabu kama nitawafuata ndege wenyewe au ninataka nguo zao tu.

Kisha akaingia Darweshi, unyoya umemganda ndevuni. Nikajiweka tayari kwa ugomvi. Hakugomba! Alikuwa akitabasamu.

"Koplo," akasema, "hukuja mkutanoni, nikaona habari hii nikuletee mwenyewe."

Habari yenyewe: Meja anayesimamia mfuko wa askari atakuja mjini Ijumaa, tarehe thelathini. Kila mtoto wa askari aliyepata chuo ataangaliwa akiba yake Posta siku hiyo. Kilichomo, mfuko utaongeza kiasi kile kile. Shilingi kwa shilingi!

"Karo ya Nasimiyu imetimia," akasema, akanishika bega. "Umefanya vizuri, ndugu yangu. Hukuigusa."

Nikamwambia nilikuwa nikilijua jambo hilo siku nyingi.

Alipoondoka nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka watu wakabisha mlango.

Jumatatu, 19 Novemba

Nimetoroka kazini saa sita, mbio mpaka Posta. Nimemwambia karani anirudishie fomu yangu. Imekwenda na treni. Inaweza kuitwa irudi? Haiwezi. Inaweza kupotea? Akanijibu kwa fahari kwamba barua za Posta hazipotei. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini akafunga dirisha akaenda kula.

Kutoka hapo, stesheni. Nimemwuliza gadi wa treni kama mfuko wa barua unaweza kusahaulika Gilgil. Akauliza kwa nini. Nikasema ni udadisi tu. Akaniangalia vibaya akahesabu mifuko yake.

Jioni Nasimiyu amenikuta nyuma ya nyumba nimekalia gunia la manyoya. Nikamweleza yote. Sikukusudia, ana macho ya marehemu mama yangu, na marehemu hakudanganywa. Nilidhani atalia. Hakulia. Alisimama tu akivuta uzi kwenye mkono wa sweta yake.

"Baba," akasema, "unataka niende, au hutaki?"

Nikasema nataka kuliko kitu chochote duniani.

"Basi acha kunisaidia."

Akaingia ndani. Nimelitafakari neno lile jioni yote. Nadhani alikuwa na njaa.

Jumamosi, 24 Novemba

Mpango mpya! Idhini ikija na ije. Nitauza mito, pesa itaingia Posta kabla ya Ijumaa, na Meja atakuta mambo yamejaa kama zamani. Nimerudi ziwani nikaokota manyoya mengine. Safari hii sikuyachemsha. Kosa halirudiwi.

Leo nimepanda lori la maziwa mpaka Subukia, mito imefungwa kamba juu ya madebe. Memsabu mmoja mwenye shamba la kahawa alitoka verandani. Akaubonyeza mto mmoja. Akauweka shavuni. Akataka kujua ni manyoya ya ndege gani. Nikasema ni ndege wa Afrika anayesimama kwa mguu mmoja kwa sababu ya heshima. Akacheka, akanunua yote! Ana wageni kutoka Nairobi, alisema, watalala vizuri leo.

Nimerudi nyuma ya lori nikiimba nyimbo za Keya. Dereva akaniomba nipunguze sauti, maziwa yasigande. Wivu.

Jumatatu, 26 Novemba

Memsabu amefika Nakuru kabla Posta haijafungua mlango. Amenikuta kwenye ngazi, pesa mkononi, mtu wa kwanza kwenye mstari. Alikuja na gari, mito, na mgeni mmoja kama ushahidi. Mgeni alikuwa akijikuna.

Utitiri! Wageni wote waliamka kabla ya usiku wa manane wakamalizia usingizi kwenye viti. Mbwa amehamia kwa jirani. Memsabu alitaka pesa yake, na nikampa pale pale. Sikuwa na nguvu ya kubishana kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa najikuna.

Ephantus alikuwa anapita na mkasi wake. Akasimama. Akaitazama mito, akamtazama mgeni, akanitazama mimi. Akasema sasa ameielewa ile siri ya kijeshi, na kwamba mwisho wa mwezi ni Ijumaa.

Ijumaa! Kila kitu ni Ijumaa!

Nimekwenda moja kwa moja nyumbani nikamwungamia Chepkemboi: fomu, mito, memsabu, deni. Alisikiliza huku akichambua mboga. Hakushtuka hata kidogo. Mshtuko ukizidi huwa hivyo. Akaniuliza tu kama nimeshakula.

Jumatano, 28 Novemba

Idhini imerudi kutoka Nairobi. Karani alinipungia mkono kutoka dirishani nilipokuwa napita, akaniambia kwa sauti kwamba karatasi zangu ziko tayari. Nikajifanya sikusikia nikavuka barabara. Kwa hiyo imekwisha. Kitabu cha akiba kitasomeka sifuri, na sifuri ukiiongezea sifuri nyingine, hata Meja hawezi kuifanya karo.

Nasimiyu anapiga pasi nguo zake za kwenda chuoni. Anaimba. Moyo wangu umekatika. Nimetoka nje kukata kuni ambazo hatuzihitaji.

Ijumaa, 30 Novemba

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Ukumbi wa mtaa ulijaa. Askari wastaafu wote na nishani zao, wake zao, watoto wamepakwa mafuta. Meja kwenye meza, karani Mgoa pembeni yake, Darweshi amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Mimi nilikuwa karibu na mlango. Chepkemboi na Nasimiyu walikaa mbele kabisa, na hilo lilinishangaza. Mtu anayekwenda kuaibika hukaa nyuma.

Darweshi akaita majina. Alamin, kijana wake: karani akasoma, Meja akaandika, makofi. Halafu: "Nasimiyu, binti wa Koplo Nicodemus Khisa."

Nikafumba macho. Karani akasoma kiasi.

Chote! Kiasi chote kimo! Meja akaandika kiasi kile kile chini yake, kama mtu anayeandika jambo la kawaida. Makofi. Chepkemboi akapiga vigelegele mpaka Meja akaweka kalamu chini. Nikafumbua macho nikaketi, lakini hapakuwa na kiti.

Darweshi ndiye aliyeniinua akanitoa nje. Hapo nje ndipo nikaelezwa. Kumbe idhini kutoka Nairobi si pesa. Ni ruhusa tu. Pesa haitoki mpaka mwenyewe aende dirishani akatie sahihi, na asipokwenda inabaki ilipo. Nasimiyu alikwenda kumwuliza karani siku ya pili tu baada ya mimi kumweleza. Akamwambia mama yake. Mama yake akamwambia Darweshi. Wote wamekuwa wakijua, huku mimi nakata kuni!

Nikamwuliza Nasimiyu, mbele ya watu, kwa nini hakumwambia baba yake mzazi.

Akainamisha kichwa. Akasema, "Nilifikiri, Baba, ukijua kwamba pesa bado ipo, utakwenda kutia sahihi."

Darweshi akageuka akaanza kuitazama bendera ya ukumbi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jibu ninalo sasa. Ukitazama vizuri, nani hakwenda kutia sahihi? Mimi. Nani aliyeiacha pesa mahali pake mpaka saa ya mwisho, bila kutetereka? Wanacheka, lakini ushindi ni ushindi.

Karatasi za idhini tumezichoma jikoni. Nasimiyu alizishika mwenyewe mpaka moto ukamfika vidoleni.

Jumamosi, 8 Desemba

Ephantus amekubali nilipe deni kwa mikono. Mdogo wake ameoa leo, nami nimepika: mbuzi, wali, viazi, chai ya watu wote. Nimeamka na jogoo nikasimama juu ya moto mpaka jua likazama. Sufuria zilirudi zimekombwa. Bibi mmoja kutoka Elburgon alishika mkono wangu akauliza kama ninaweza kuja kupika harusi ya mjukuu wake, na kwamba watanilipa vizuri. Mwingine akauliza hivyo hivyo. Mzee wa kanisa naye.

Ephantus akanivuta pembeni. Akasema kila Jumamosi kuna harusi mahali, na kwamba hapa ndipo karo ya watoto wangu ilipo.

Nimemhurumia. Fundi cherehani haoni mbali. Kupika ni kazi! Unatoka jasho, unachoka, unalipwa, basi. Hapo biashara iko wapi?

Nimewaambia wote nina shughuli nyingine.

Jumatatu, 14 Januari 1952

Amekwenda.

Tulikuwa stesheni mapema. Sanduku la bati, blanketi, shuka mbili kama chuo kilivyoagiza. Chuo kiliagiza na mto. Nilimpa mmoja katika ile ya marekani, nikaapa nimeukagua mwenyewe. Alishukuru sana, na nilipogeuka akamwachia mwanamke anayeuza ndizi. Alamin naye alikuwa safarini. Sajini Darweshi alimkagua mwanawe vifungo vyote, koti mpaka viatu, na alipomaliza akaanza tena, kwa sababu treni ilikuwa haijaondoka na hakujua mikono yake aiweke wapi. Nikasimama karibu naye. Baadaye akatoa leso akasema ni moshi wa gari. Nikasema kweli, ni moshi. Treni ilikuwa bado haijawashwa vizuri.

Nasimiyu alinipa mkono kupitia dirishani, kama mtu mzima. Kisha akanivuta akanikumbatia shingoni kwa nguvu, miwani ya Mgoa mmoja ikadondoka nyuma yangu. Alikuwa karani wa Posta! Alikuja kumuaga. Akasema hajapata kuona msichana anayeuliza maswali vizuri hivyo, na kwamba haijulikani amerithi kwa nani. Nikamwambia inajulikana sana.

Treni ikaenda. Chepkemboi aliipungia mpaka ikawa uzi.

Njiani Darweshi akanikumbusha kwamba Nekesa, mdogo wake Nasimiyu, naye miaka si mingi atamaliza shule. Akasema nianze akiba yake leo leo, Posta bado iko wazi. Nikaona ni neno la busara kabisa. Nilikuwa na pesa mfukoni. Nikaagana na wenzangu, nikaelekea Posta, na nilikuwa karibu kabisa na mlango, naapa, nilipokutana na Mathenge, dereva wa lori la mbao la Elburgon.

Mathenge alikuwa akilalamika. Kiwandani wanapasulia mbao, na unga wa mbao umefika urefu wa nyumba. Hakuna anayeutaka. Kila wiki wanauchoma moto. Nikamwuliza, bure? Akasema bure kabisa, nilipie lori tu.

Nimeushika mikononi, ule uliobaki ndani ya lori lake. Mkavu. Laini. Unanukia msitu. Hauna utitiri, hauruki, na nimemwuliza Mathenge mara mbili, haujawahi kuwa ndege. Shule ngapi za bweni ziko nchi hii, na watoto wao wamelalia nini? Nimemlipa lori mbili. Zinafika kesho.

Sasa ni jioni. Nyumba imekuwa kubwa. Chepkemboi ameniuliza mbona nimekaa kimya hivi. Nimemwambia namfikiria mtoto.

Ni kweli tupu. Godoro moja la mtoto litameza debe ngapi?